Ndege ya Baba na Neno Nililolitafsiri

Baba alikuwa na ndege ambayo hakuna aliyeitaka. Haikuwa yake hasa. Ilikuwa ya kiwanda kimoja cha Italia alikofanya kazi ujanani, akichora mkia: ndege ndogo ya injini mbili, ya abiria wachache au mizigo, yenye uwezo wa kutua hata kwenye uwanja wa udongo. Ya kwanza iliporuka ilionekana haina nguvu. Wakabadilisha injini, wakarefusha kiwiliwili, na kila walipoirekebisha bei ilipanda na wanunuzi wakapungua. Mwisho wakaacha kuiunda. Baba hakuiacha. Alipopata nafasi ya kusoma chuo kikuu Guangzhou, Uchina, alikuja na mimi na ndege yake, michoro imekunjwa ndani ya bomba la plastiki.

Kichina chake kiliishia kwenye bei za mboga, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi, mimi ambaye hata darasani, kwenye shule ya Wachina, nilijibu kwa kichwa. Tulikwenda kiwanda kimoja cha ndege nje ya jiji. Meneja akaitazama michoro, akatumiminia chai, akatabasamu.

"Yanjiu yanjiu," akasema.

"Anasemaje, binti?"

Neno lenyewe maana yake ni kufanya utafiti. Lakini likirudiwa mara mbili, tena na mkubwa anayetabasamu, ni hapana. Darasa letu zima lilijua. Nami nilijua. Ila Baba alikuwa amenikazia macho.

"Wataifanyia utafiti," nikasema.

Kumwambia hivyo mtu wa chuo kikuu, ambaye utafiti kwake ndiyo kazi yenyewe! Alimshika meneja mkono kwa mikono yake yote miwili. Ndani ya basi alicheka peke yake. "Wale Waitaliano walikuwa wananiambia, we chora mkia tu, ndege tuachie wenyewe. Haya!"

Wiki ile ile aliandika barua Dar es Salaam kukataa kazi ya kukagua ndege uwanjani, kazi ambayo ingeturudisha kwa Mama. Barua niliipeleka posta mimi.

Akanunua peja, kile kidude kinacholia mtu akikupigia, akaivaa kwenye mkanda kungoja kiwanda kimwite. Miezi ikapita, haikulia. Jumapili moja akasema, "Hebu shuka dukani kwenye simu uipigie. Isije ikawa imekufa."

Nikaenda, nikapiga. Niliporudi nilimkuta mlangoni, ameshavaa koti, peja inalia mkononi.

"Wamepiga!"

"Ni mimi, Baba. Si umenituma?"

Akakaa kitandani na koti lake. Hapo nikashindwa kuendelea kunyamaza.

"Baba, lile neno la meneja. Kwetu ni 'tutaona'."

"Tutaona ipi?"

"Ile ya mtu asiyetaka kusema hapana."

"Ulijua siku ile ile?"

Nikaitikia kwa kichwa, kama darasani.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliifungua peja, akatoa betri, akaiweka juu ya bomba la michoro.

"Ile barua ya kukataa kazi ya Dar," akasema, "stempu uliibandika?"

Niliibandika.