Mambo ya Kufanya Ukifika Mji wa Nyanya

Nyanya hakujua kusoma, lakini alijua kuamrisha kama karani mkuu. "Andika," aliniambia, nami nikaandika, nimekaa ukingoni mwa kitanda chake katika fleti yetu ya Kilburn, na koti mwilini, maana hita ilikuwa imezima tena.

Sisi ni Wabulushi wa Mombasa, na ule ulikuwa mwaka wetu wa pili London, tulikokuja na paspoti zetu za Kiingereza. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, likizo ya ofisini na tiketi ya kwenda mji aliozaliwa nyanya, juu milimani katikati ya jangwa. Alipomfuata babu Mombasa, binti yake mkubwa alikuwa na miaka sita na anaumwa surua. Akamwacha kwa mamake, akaahidi kumrudia. Hakumrudia. Ila kila Idi barua ya binti huyo, shangazi yangu, ilifika, na baba, mtoto aliyezaliwa Mombasa, alitusomea.

"Siku ya kwanza usifanye lolote," nyanya alisema. "Kule juu hewa nyepesi. Ukijitia ushujaa utaanguka sokoni watu wakucheke. Kunywa chai ya kijani na iliki. Mchana jua litakuchoma, usiku baridi itakung'ata, basi sweta usiiache. Asubuhi panda kilima cha nyuma ya soko, uone mlima unavyogeuka rangi. Kula aprikoti, na bei ya kwanza usiikubali. Kisha nenda mtaa wa wafua shaba, mlango wa buluu, nyumba yenye mti wa mforsadi uani. Piga hodi. Atakayefungua ni shangazi yako."

Nikaona nimuulize na mwenyeji. Barabara kuu palikuwa na fundi cherehani, mtu wa mji huo huo wa nyanya, aliyezoea kunipunguzia suruali. Nilimsomea orodha yangu kwa Kiurdu cha kuchechemea. Kwenye chai alicheka. Kwenye aprikoti alitikisa kichwa kukubali. Nilipofika mtaa wa wafua shaba, alivua miwani.

"Nani amekupa hii?"

"Nyanya yangu."

"Mtaa huo haupo. Uliangushwa na tetemeko nikiwa kijana. Tulifukua siku nyingi kwa mikono. Mtaa ule hakutoka mtu."

"Lakini shangazi yangu hutuandikia kila Idi!"

Alinivutia kiti.

Nilirudi nyumbani nikimtukana fundi kimoyomoyo, mzee amechanganyikiwa, mtaa mmoja na mwingine hajui. Baba alikuwa jikoni anakanda unga wa chapati. Nilimweleza nikitarajia acheke. Mikono yake ikasimama.

"Funga mlango," alisema.

Nikafunga.

"Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Msomaji wa nyumba alikuwa mimi. Barua ikaja kutoka kwa jirani wa kule, nikaifungua, mama kakaa mkekani anangoja. Nikayaona maneno. Sikuweza, mwanangu. Nikasoma: hatujambo sote, aprikoti za mwaka huu ni tamu."

"Na hizo nyingine zote?"

"Zangu."

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Ya baba ilikuwa imevuka bahari na kuhamia Kilburn pamoja nasi. Harusi ya shangazi, watoto wake, jino lililomtesa majira ya baridi, vyote vilitungwa na baba, karani wa forodhani Mombasa ambaye mlima wenyewe hajauona. Na mimi utotoni nililia kwa ajili ya jino lile! Nilitamani kumtupia sufuria.

"Na tiketi yangu je? Ungeniacha niende nikapige hodi wapi?"

"Kila siku nilisema nitakwambia kesho." Akalia, mtu mzima yule, mikono imejaa unga.

"Basi leo atajua," nilisema. "Namwambia mimi."

Niliingia kwa nyanya na hasira zangu zote. Alikuwa amekunja shali ya sufu ya kumpelekea shangazi, ameiweka mapajani. Kabla sijafungua kinywa, alinishika mkono, akanikalisha.

"Limebaki moja," alisema. "Hili usiliandike. Ukimwona, muulize. Barua zote hizi, miaka yote hii, ananihadithia watoto na jino na aprikoti. Mbona hata siku moja hakuniuliza kwa nini sikumrudia?"

Nyuma yangu baba alikuwa amesimama mlangoni. Niliisikia pumzi yake. Nyanya alinibana mkono, anataka jibu.

Nilishtuka kuisikia sauti yangu mwenyewe, tulivu kabisa.

"Nitamuuliza, nyanya."