Ondieki na Mtungi wa Maji

Enzi zetu kule Ikonge, mvulana akishatahiriwa alikuwa mzee mzima. Hachoti maji, hakanyagi jikoni kwa mama yake. Alikaa nje akinusa ugali wa wimbi na mboga za chinsaga, akingoja kuitwa, huku sisi wasichana tukipanda kilima kutoka mtoni na debe kichwani, maji yakitutiririka mgongoni. Na nilikuwa na mbio mimi! Hakuna ndugu yangu aliyewahi kunishika. Lakini kwa sababu ya hayo maji nilichelewa shule kila siku, hata mama akachoka: "Wewe baki tu nyumbani." Nikabaki.

Ndiyo maana binti yangu alipofariki akaniachia watoto wawili, niliogopa. Magoti yangu yalikuwa yamekwisha. Ondieki, yule mkubwa, alichuma chai alfajiri, akachota maji, akapika, ndipo akaenda shule kusinzia. Alama zake zilianguka. Dadake Moraa alikimbia asubuhi, akasoma jioni. Wa kwanza darasani, wa kwanza uwanjani. Kisha Desemba ikafika, Ondieki akaenda kutahiriwa. Nikajua mtungi utahamia kwa Moraa, naye atabaki kama mimi.

Ondieki alitoka jandoni amenona, shati jipya. Kesho yake nikasikia mtungi ukigonga mlango. Ni yeye.

"Weka chini! Wewe ni mwanaume sasa!"

"Kwani magokoro, bibi yangu, mwanaume hanywi maji?"

Njiani wenzake walikuwa wamemngoja. "Dada Ondieki! Umesahau leso!"

"Njooni jioni niwapikie," akawajibu, hata hakusimama.

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Jioni wawili wakaja kweli, wakala, wakaramba sahani.

Leo Moraa yuko chuo kikuu, na ni hiyo miguu yake ya mbio inayomsomesha. Vijana wa sasa wana mfereji uani na bado wanasema ni mbali. Juzi maji yalipotea, Moraa akiwa nyumbani na medali zake, akashika mtungi. Ondieki, baba wa watoto sasa, akamnyang'anya.

"Wacha, utaumia mguu!"

"Na wewe mgongo je, kaka?"

Wakavutana hapo mlangoni kama watoto. Utoto wetu ulikuwa mtamu, sikatai, lakini debe langu halikuvutwa na mtu. Nikaketi kwenye kigoda nikicheka, nikamshukuru Mungu, nikaitazama miguu yangu.