Sinia Lisilo na Nazi

Mswahili asiyekula nazi ni kichekesho, na kichekesho chenyewe ni mimi. Nazi ikinigusa ulimi, midomo huvimba na koo hufunga. Na hapa Mombasa nazi imo kwenye wali, imo kwenye mbaazi, kwenye samaki wa kupaka, hata kwenye chatini ya bajia zinazouzwa ufukweni Mama Ngina. Nikimuuliza muuzaji, jibu ni lile lile: "Ni kidogo tu, dada." Kidogo hicho kilishanilaza hospitali.

Binti yangu, mwenye miaka minane, amerithi maradhi hayo. Nimemfunza asionje kitu bila kuuliza, na akikataa akatae kwa adabu, maana kwetu kukataa chakula cha mtu ni kama kumkataa mwenyewe. Mimi miaka yote harusini hukaa pembeni na sahani niliyotoka nayo nyumbani, nikisemwa kwamba najidai. Nilishazoea. Lakini sikutaka yeye naye azoee.

Basi tukaalikwa harusi Kibokoni. Nilimuuliza mpishi, akaniapia kuwa biriani haina nazi. Wanawake wakakaa mikekani, kila kundi na sinia lake, na bibi mmoja mkongwe, nyanya wa bwana harusi, akamvuta binti yangu akae ubavuni pake. Mimi nilikuwa bado mlangoni nikisalimiana na watu. Kugeuka, namwona bibi amefinyanga tonge, amelichovya kwenye bakuli la chatini ya nazi, analipeleka mdomoni mwa mwanangu. Nilipita katikati ya watu bila hata kuomba radhi.

Mtoto alikuwa ameshaziba mdomo kwa kiganja. Akarudi nyuma kidogo, akasema, "Niwie radhi, bibi. Sikatai chakula chako. Nazi yanifunga koo, hata ikiwa mkononi mwa mtu. Nataka sana kula nawe, lakini siwezi."

Mwanamke mmoja akaguna, "Watoto wa siku hizi!"

Bibi hakumjali. Aliliweka tonge chini, akamtazama mtoto. "Yakudhuru kweli, mwanangu?"

"Kweli, bibi."

"Basi ondoeni sinia hili, lije jipya, na chatini isiletwe hapa. Na nyote inukeni mkanawe kwa sabuni. Mgeni wangu hali peke yake."

Wakainuka, wanawake wazima na dhahabu zao, wakapanga foleni ya kunawa kwa ajili ya mwanangu. Wallahi nilivimba, na safari hiyo si kwa nazi. Nilitamani niulize ukumbi mzima kama wamemwona, kama wamemsikia alivyosema.

Sinia jipya likaja. Nikawa nimesimama na sahani yangu ya nyumbani, natafuta pembe ya kukaa.

"Bibi," akasema binti yangu, "na mama pia."

Bibi akasogea, akapapasa mkeka. "Wangoja nini, mwanangu? Kanawe."

Nikaiweka sahani yangu chini, nikaenda kunawa. Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza, mtu mzima mimi, kutia mkono kwenye sinia moja na wenzangu.