Ginsi Tulimuangusha Muzungu wa Filme

Muzungu mwenye ninamuchukia alikufa mbele mama yangu azaliwe. Bengine banasema mutu akishakufa, muache. Mimi nasema hapana. Mutu akikufa bila kuomba masamaha, unamutafuta kwenye eko. Mimi nilimupata mu flash.

Ilikuwa mwezi wa kwanza, ziwa imefungwa. Kila mwaka serikali inakataza kuvua juu samaki bazale, na sisi benye kuishi Kashikishi, ku kando yake, tunabakia kuangaliana. Bavuvi hawana kazi. Benye kubeba samaki, kama mimi, hatuna kazi. Kazi inabakia paka moja: kuikala mu kabare ya patro, kwenye batu banakunywa na kuangalia filme.

Patro ni Mukongomani kama sisi, lakini alivuka ziwa mbele yetu, donc anajiona chef. Tumbo yake inaingia mu nyumba, yeye anafuata kisha. Eko na ekra munene ku ukuta, na mimi nilikuwa muchekeshaji wake. Filme ikiisha, mbele ya mupira, ninasimama, ninachekesha batu dakika kumi, ananipa sahani ya bukari, ugali ya kwetu, na samaki ya kukausha. Masomo yangu iliishia ya sita primere, lakini mudomo yangu ilifika univerzite.

Siku moja mutu wa biashara wa Lubumbashi akamuachia patro flash ya filme za zamani, za wakati ya Babelgi. Patro akatangaza: "Leo mutaona ziwa yenu ginsi ilikuwa!" Nikamuleta kambo yangu, mama ya mama yangu. Yeye njo alinilea. Yeye njo alinivusha ziwa wakati ya vita, akanifunika na kikwembe yake kule Kenani, mu kambi ya bakimbizi, chini ya plastiki, mvua inapiga. Nilisema: kambo aone kwao, afurahi kidogo.

Filme ikaanza. Maji, matete, bwato. Mu bwato, mutu murefu amesimama, amevaa koti, shapo ku kichwa, chupa ku mukono. Muzungu mwenye alikamata filme njo anasema yeye mwenyewe, mu Swahili ya kupinda pua: "Tazama mujinga! Anataka kuwa bwana, na kusimama hajue!" Mutu murefu akatikisika, akaanguka. Pwaa! Kabare yote ikacheka. Hata mimi nilicheka. Ninaandika ile juu ni kweli, na sitajisamehe.

Kambo akasimama. Akasema pole pole: "Ni baba."

Ilikuwa nafasi ya kufunga mudomo, lakini patro hajue nafasi kama ile. "Eh, kambo! Baba yako njo huyu? Pwaa!" Na bote bakaitika: "Pwaa!"

Toka ile siku, jina ya kambo ikakuwa Pwaa. Akipita na beseni yake ya chisense, dagaa ya kukausha, ku soko: Pwaa! Batoto: Pwaa! Mama mwenye ananunua naye chumvi, mama wa kanisa kabisa, anamusalimia mu lugha ya huku: "Mwapoleni, mayo Pwaa." Kisha juma moja kambo akaweka beseni chini ya kitanda. Vita haikumukataza kuuza. Kenani haikumukataza. Sasa neno moja ya kipumbavu ikamufungia ndani, na mimi njo nilimupeleka kuisikia.

Nikaenda kwa patro. "Patro, tosha ile filme, usiionyeshe tena."

"Kwa nini? Inaleta batu."

"Ni baba ya kambo."

"Mutoto, ule muzungu alikuwa mutu mukubwa. Mpaka leo ba profesere banabishana juu yake. Bamoja banasema alitugeuza nyani, bengine banasema alitutunzia sura za bakubwa yetu. Bila yeye, kambo yako angemuona baba wapi?"

"Angemuona amesimama."

Akacheka. "Na tena, mimi ni wa kabila ya ngonde, mamba, ninyi muko ba samaki. Mimi nungwe yenu! Nina ruhusa ya kucheka marehemu wenu mpaka meno ikauke."

Hapo alinifunga. Bunungwe, kila mutu wa hii ziwa anaijua, ngambo zote mbili: kabila fulani na kabila fulani banatukanana bila hasira, hata ku kilio. Nungwe akikuchekea maiti, unameza.

Bon. Nikasema, kama siwezi kutosha filme, nitatosha kicheko ndani, niimwangie muzungu. Nikatengeneza teatre ya mutu moja. Nikajipakaa bunga ku uso mpaka nikakuwa mweupe kuliko Mubelgi. Shapo yangu: bakuli ya plastiki. Makine yangu ya filme: debe ya mafuta juu ya matete tatu, na pedale ya velo, baiskeli ya zamani, ya kuzungusha. Hata wimbo niliitunga:

Mimi bwana wa jicho moja,
jicho yangu inakula batu,
simama muzuri nikuangushe,
Ulaya banangojea kucheka!

Siku ya yenga, kisha misa, kabare ikajaa. Niliimba, nikazungusha pedale, nikafanya muzungu anaogopa chula, muzungu anafukuzwa na mbuzi. Batu balilia na kucheka. Kisha nikafanya kosa. Nilikuwa peke yangu, donc nikafanya na kazi ya baba ya kambo: nikavaa koti, nikasimama juu ya banki ya kuikalia, nikaanguka.

"PWAA!"

Ile kicheko ilipita zingine zote. Patro alipiga meza mpaka chupa zikaruka. Nilirudia nyumbani na bunga ku masikio, nikamukuta kambo anangojea. Habari ilitembea mbio kuliko mimi.

"Ulimuangusha baba yangu?"

"Kambo, nilitaka…"

Kofi. Eko na miaka ile yote, lakini kofi yake iko ya kijana.

"Muzungu alimuangusha. Sasa na wewe, damu yake, umemuangusha tena. Ukitaka kulipiza kisasi, jua kwanza wewe unapiga nani."

Kisha akaikala, akaniambia kile filme haikuonyesha. Alikuwa mutoto mudogo mu matete ya pembeni siku ile, anaangalia. Baba yake hakukunywa pombe hata siku moja. Chupa muzungu njo alimupa, na koti ilikuwa ya muzungu. Na hakuanguka yeye mwenyewe. Muvuvi hawezi kuanguka mu bwato yake, ni kama wewe kuanguka mu suruali. Muzungu alimulazimisha. Alipoanguka mara ya kwanza muzungu akasema haichekeshi, panda, anguka tena. Mara saba. Koti imejaa maji, jua inashuka, baridi. Mara saba.

"Na kisha?"

"Kisha iko ya kwangu," akasema. "Nitasema mimi mwenyewe. Wewe uniletee patro. Alisema ni nungwe yetu?"

"Ndiyo."

"Nungwe anacheka. Lakini nungwe akichekwa, naye hana ruhusa ya kukasirika. Ile sehemu aliisahau."

Ile usiku sikulala, si juu ya kofi. Juu ya furaha mubaya.

Yenga yenye ilifuata, bunga tena, debe tena, wimbo tena. Lakini koti sikuvaa. Nilisimama nyuma ya makine, nikaita na sauti ya pua: "Ninatafuta nyota ya filme! Mutu munene, mutu wa heshima!" Patro alisimama mbele hata nimalize. Alianza kutengeneza kola. Nikamuvalisha koti, nikamupa chupa, nikamupandisha banki.

"Anguka."

Akaanguka, anacheka. Batu: "Pwaa!"

"Haichekeshi. Panda. Anguka tena."

Mara ya pili, batu bakacheka. Mara ya tatu, bakacheka. Mara ya ine alichelewa kusimama. Mara ya tano goti ikatoka damu kidogo, na kicheko ikakuwa ya batu bachache, ba kule nyuma benye hawaone muzuri. Mara ya sita alininong'oneza: "Basi, mutoto. Mimi ni mutu mukubwa."

"Mukubwa? Mu filme yangu hamuna mukubwa. Panda."

"Nitakutosha hapa!"

"Eh, nungwe," nikasema na sauti ya kweli, kabare yote isikie, "unakasirika?"

Bavuvi bote balimuangalia. Akapanda. Mara ya saba alianguka kama gunia. Hakuna mutu alicheka. Nasema kweli: mimi nilisikia utamu mpaka ku vidole vya miguu.

Hapo kambo akaingia. Alivaa kikwembe ya kanisa, beseni ku kichwa kama mutu mwenye anapita tu.

"Mara saba," akasema. "Baba yangu, muzungu alimufanya vile mara saba. Maji ilikuwa baridi. Sasa patro, simama, pole, weka filme. Weka mwisho. Munaangaliaka mwanzo, munacheka, munafunga. Mwisho hamujaangalia muzuri. Makine ilikuwa inazunguka bado."

Patro, na vumbi ku uso, akaweka.

Ku mwisho ya filme, kisha kuanguka, iko kipande mufupi chenye tulizania ni kuharibika. Maji inapinda. Matete inalala. Kisha mbingu. Kisha, ku pembeni, kiatu. Kiatu ya muzungu, nyeupe, iko juu, kwenye kichwa ingekuwa. Kisha giza.

"Makine ilikuwa mu bwato ya pili, na muzungu ndani," kambo akasema. "Baba alitoka mu maji mara ya saba, akashika bwato ya muzungu kama mutu anataka kupanda. Akaigeuza. Boyi, mutumishi ya muzungu, akaokota makine mu maji. Muzungu akapiga kelele, hajue kuogelea. Baba akamuvuta ku inchi kavu na kola, akamurudishia koti yake, akaenda nyumbani kukula."

Kisha mulevi moja kule nyuma akauliza: "Kambo… muzungu akianguka, maji ilisema namna gani?"

Kambo akaweka beseni chini. Akaangalia patro, akaangalia kiatu ku ekra. "Pwaa," akasema.

Sijasikia tena kicheko kama ile.

Kesho yake alirudia ku soko. Bamama banamuitaka kambo tu. Pwaa ni jina ya patro sasa, na haiwezi kutoka, juu ni nungwe. Filme hakuitosha, tena batu banamulilia aiweke. Lakini banangojea paka kiatu. Na kila siku ya yenga ninajipakaa bunga, ninamuimbia bwana wa jicho moja, ninamugeuzia bwato. Banasema imetosha, muzungu alishakufa zamani. Najua. Ningetaka afufuke kidogo, aikale mu banki ya mbele, asikie.

Ile banki ni ya kambo. Anafikaka wa kwanza, anaweka kitambaa chini, ananivuta shati mbele nianze.

"Leo," ananiambia, "umuangushe pole pole."