Fundi wa magitaa ya pembe mbili na mume asiyetaka kuyagusa

Msumeno mwembamba unapita taratibu kwenye ubao mwekundu wa mti wa libuyu. Gentille Uyirwoth anasimama kila baada ya muda mfupi, anapuliza unga wa mbao ili auone mstari wa penseli, kisha anaendelea. Pembe ya kwanza ya gitaa imeshatokea. Ya pili bado imo ndani ya ubao.

Mteja amesimama mlangoni mwa karakana, hapa kata ya Saio mjini Bunia. Amefuata mlango wake wa chumba, lakini macho yake yako kwenye ule ubao.

"Mama Tina, ile ni kiti ya mutoto?"

"Apana. Ni gitare."

"Na tundu yake iko wapi?"

"Haiko na tundu. Ni ubao tu, mwili muzima. Sauti inatokea ku waya."

Mteja anatikisa kichwa, anabeba mlango wake, anaondoka. Gentille anacheka. Anasema hamlaumu, kwa sababu hata yeye mwenyewe, aliyeyatengeneza magitaa haya kwa miaka mingi, mwaka huu yamemchanganya kuliko wakati wowote.

Gentille ana umri wa miaka thelathini na tisa. Ni seremala. Milango, vitanda na mabenchi ya makanisa ndivyo vinavyoilisha familia yake. Mlango humpa dola hamsini, naye huumaliza ndani ya siku chache. Gitaa huliuza dola mia moja na ishirini, lakini humla mwezi mzima, na wanunuzi ni wa kuhesabu.

"Batu banasema kichwa yangu haiko sawa," anasema. "Banauliza, juu ya nini usitengeneze milango tu? Mi nabajibu, mulango ukimaliza kuufunga, umemalizika. Gitare ukiimaliza, njo inaanza."

Jambo linalowashangaza wengi zaidi ni kwamba hajui kupiga gitaa. Hajawahi kujifunza.

Ufundi aliupata kwa baba yake huko Mahagi. Kaka zake walipenda biashara ya mpakani, yeye akabaki na randa. Alipoolewa na Xavier, kijana aliyepiga gitaa katika kwaya ya kanisa moja la Kpandroma, alimfuata huko kwenye milima. Ndiko alikoliona kwa mara ya kwanza gitaa la umeme lenye mwili wa ubao mtupu. Lilikuwa jekundu, mali ya kanisa.

"Gitare za kawaida ziko na mabega, zinazuia mukono," anaeleza, akionyesha kwa kiganja chake. "Ile nyekundu mabega yote mbili ilikatwa, ikabaki pembe mbili kama za mbuzi. Basi mukono ya Xavier ilikuwa inashuka mpaka mwisho kabisa, kule nyuzi zinalia kama ndege. Wengine banafunga macho banasali. Miye nilikuwa napima."

Alipima kwa macho, Jumapili baada ya Jumapili: unene wa ubao, urefu wa shingo, mahali pembe inapoanza kujikunja.

Kisha vita vikafika. Walikimbia na binti yao Tina akiwa bado mdogo, naye Xavier alilibeba gitaa la kanisa likiwa limefungwa ndani ya blanketi. Waliishia kwenye kambi ya waliohama makwao, pembezoni mwa Bunia. Watu wa kanisa lao walikuwa wametapakaa humo humo, na mchungaji wao pia.

Kambini watu walikufa, wengi kwa maradhi. Kila msiba ulipotokea, walikuja kumwita Xavier. Walikuwa na spika moja ndogo ya betri. Alipiga asubuhi, wakati mwingine akapiga tena jioni ya siku hiyo hiyo. Gentille anakumbuka ikafika wakati watoto wakimwona amebeba blanketi lile, wanauliza leo ni nani.

Siku moja Xavier alikwenda kwa mchungaji, akaliweka gitaa mezani, akasema, "Nimemaliza." Walipohamia Saio alipata pikipiki, akaanza kubeba abiria kati ya Bunia na Marabo. Kazi hiyo anaifanya hadi leo.

"Nyumba ilinyamaza," anasema Gentille. "Alikuwa anacheka, anakula, anaongea na mutoto. Lakini nyumba ilinyamaza. Nikafikiri, huyu anakosa gitare. Nikasema nitamutengenezea."

Lile la kwanza shingo yake ilipinda kama ndizi. La pili lilikataa kutoa sauti. Ndipo alipomwendea Olivier, fundi wa redio wa jirani, ambaye alimfundisha kuzungusha waya mwembamba wa shaba kwenye sumaku zilizotolewa kwenye spika zilizokufa. Hicho ndicho kifaa kinachokaa chini ya nyuzi na kupeleka mlio wake kwenye ampli, mashine ya kukuza sauti. Olivier anasema alidhani mama huyo angechoka baada ya wiki moja.

"Mama alikuwa anakuya kila siku," anasema. "Mi mwenyewe njo nilichoka."

Gitaa la tatu liliimba. Gentille alilipaka rangi ya buluu iliyobaki kwenye milango ya shule fulani, akamkabidhi mumewe siku ya Noeli. Xavier aliligeuza mikononi, akapitisha kidole kwenye ukingo wa pembe zote mbili. "Umetumika muzuri, Mama Tina," alisema, akiisifu kazi yake. Kisha akalitundika kwenye msumari juu ya kitanda, nyuzi zikielekea ukutani. Hakuliunganisha na ampli siku hiyo, wala siku nyingine.

Gentille aliendelea kutengeneza mengine. Makanisa yalianza kuagiza, ingawa mchungaji mmoja alitaka kwanza pembe zipunguzwe, akisema zinamkumbusha mtu asiyemtaka madhabahuni. Kila gitaa lilipokamilika, Gentille alimwomba mumewe alijaribu. Kila mara Xavier alijibu, "Peleka kwa Guelord." Guelord, mpiga gitaa anayeishi mtaa wa pili, ndiye aliyekuwa akiyajaribu.

Miaka ikapita hivyo. Mwanzoni mwa mwaka huu alifika Mama Rébecca, kiongozi wa kwaya moja ya Marabo. Alihitaji gitaa kwa ajili ya sikukuu ya kwaya yao. Siku hiyo karakana haikuwa na gitaa lililokamilika, na Gentille akafanya uamuzi ambao anasema ulimuuma: aliahidi kumuuzia lile la buluu.

"Nilijiambia, miaka yote iko ku ukuta. Kama mwenyewe haitaki, iende kwa batu banayoitaka."

Alilishusha msumarini ili abadilishe nyuzi. Hapo ndipo mkanganyiko ulipoanza.

Nyuzi zilikuwa nyeusi kwa jasho. Vile vyuma vidogo vinavyokatiza shingo vilikuwa vimelika, hasa kule mwisho, katikati ya zile pembe mbili. Upande wa juu, mahali mkono wa mpigaji unapoegemea, rangi ya buluu ilikuwa imeisha na ubao mwekundu umeanza kuonekana.

"Nilikaa ku kitanda," anasema. "Gitare ambayo hakuna mutu anaigusa, imechoka kuliko zile za kwaya."

Alimshuku Tina kwanza. Binti huyo, ambaye sasa yuko sekondari, aliapa hajawahi kuligusa, akalia kwa kuitwa mwongo. Gentille alimwomba radhi, akaenda kwa Guelord. Guelord alicheka.

"Mama, miye nikipiga gitare, quartier yote, mutaa muzima, inajua. Weye ulisikia kitu?"

Hakuwa amesikia kitu. Hakuna jirani aliyekuwa amesikia kitu.

Siku kadhaa baadaye alikwenda kununua mbao, mvua ikamrudisha mapema. Alishangaa kuona pikipiki ya Xavier chini ya paa, wakati yeye alitakiwa kuwa barabara ya Marabo. Alisukuma mlango.

Xavier alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amempa mgongo. Gitaa la buluu lilikuwa pajani mwake. Halikuwa na waya wowote. Vidole vyake vilikuwa vinakimbia kwenye shingo, vinashuka hadi kati ya pembe, vinapanda tena, na mguu wake ulikuwa unapiga mdundo sakafuni. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Gentille hakusikia hata noti moja.

"Gitare ya mwili muzima, bila ampli, haina sauti," anaeleza. "Ni kama mutu anayeongea akifunga mudomo. Mi nilijua ile. Ni miye naitengeneza! Lakini sikuwahi kufikiri."

Alirudi nje kimyakimya, akakaa karakanani mpaka mvua ilipokatika. Xavier alipotoka alimkuta pale, nguo zimelowa.

"Papa Tina, unapiga."

"Napiga."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu ile Noeli."

"Na juu ya nini haukuniambia? Miaka yote mi naona umeikatala!"

Gentille anasema mumewe alimtazama kama mtu asiyeelewa swali. "Niliikatala? Mama Tina, kule kambini kila nikipiga, batu banakuya kulia. Nikisikia tu sauti kwa bafle, ile spika, naona banaleta mutu mwingine. Mi nilitaka kupiga bila mutu kusikia. Weye ukanitengenezea kitu inapigwa bila mutu kusikia. Mi nilizani ulijua."

"Mi sikujua."

"Basi nilikuwa nakushukuru bure?"

Gentille anapofika hapa anaacha msumeno, anajifuta uso kwa kitenge. Anasema siku ile alitaka kucheka, kulia na kumrushia kipande cha mbao, vyote kwa pamoja. Alitengeneza gitaa ili nyumba ipate sauti. Mumewe alilipenda kwa sababu ya ukimya wake. Zawadi ilikuwa imepokelewa tangu siku ya kwanza, na yeye aliishi miaka yote akiamini imekataliwa.

"Sasa niambieni, nifurahi ao nikasirike? Mi mpaka leo sijue. Asubuhi nafurahi. Mangaribi, nikikumbuka nilivyokuwa naangalia ile musumari, nakasirika."

Mama Rébecca alipofika kuchukua gitaa lake, alikuta wenye nyumba hawajaelewana.

"Haiuzwi tena," alisema Gentille.

"Tulipatana, mama," alisema Rébecca.

"Mupeleke tu," alisema Xavier kutoka ndani. "Kwaya inaihitaji. Ni gitare tu."

"Si gitare tu!" Gentille alimjibu kwa ukali uliomshtua hata yeye mwenyewe.

Mama Rébecca, anayesimulia kisa hicho huku akicheka, anasema aliwatazama wote wawili bila kujua amfuate nani. "Mwenye kuitengeneza anakatala kuuza. Mwenye kupewa anataka iende. Nikabauliza, hapa bwana ya gitare ni nani?"

Mwishowe alikubali kusubiri jipya, kwa ahadi kwamba litakuwa tayari kabla ya sikukuu. Ndilo hili ambalo pembe yake ya pili inatokea leo kwenye ubao wa libuyu.

Nilimuuliza Xavier kama anaridhia habari zake ziandikwe. Alikuwa anasafisha mnyororo wa pikipiki, hakuinua kichwa. "Andika. Gazeti haipige kelele." Nilipomuuliza kama ipo siku ataunganisha waya, alizidi kusugua mnyororo. "Sijue," alisema. "Nikisema ndiyo, nakudanganya. Nikisema apana, labda nadanganya vilevile."

Mchana huo alifanya jambo ambalo mkewe anasema hajawahi kulifanya. Aliingia karakanani, akaishika shingo ya gitaa la Marabo ambayo bado haijaunganishwa na mwili, akaifumba kiganjani na kusema ni nene mno hapa chini. Gentille alichukua msasa, akaanza kuipunguza.

Fundi huyu ana mipango. Anataka mashine ndogo ya kukatia mbao, maana msumeno wa mkono unamuumiza bega. Anataka pia msichana mmoja au wawili wa kata hii waje kujifunza ufundi. Lakini mpango anaouzungumzia kwa sauti ya chini ni mwingine. Ameshachagua ubao wa gitaa lake mwenyewe, na amemwomba Xavier amfundishe.

"Alisema atanifundisha, lakini bila ampli. Nikasema sawa. Sasa tutakaa siye wawili ku kitanda, kila mutu na yake, tunapiga, na inje hakuna mutu anasikia kitu."

Anaokota penseli iliyoanguka, anairudisha nyuma ya sikio.

"Nitamusikia namna gani? Ile sijue. Nitakaa karibu sana."