Mapipa Yaliyopanda Juu

Katika kiwanda kimoja cha rangi kule Kawempe, kazi iliyokimbiwa na wote aliachiwa Nabangala: kuandika mpango wa dharura wa taka za sumu, kisha kuupeleka kwa zimamoto, polisi na hospitali. Wenzake walimcheka kila alipotoka na bahasha zake. Kwao karatasi ilikuwa karatasi tu.

Mwenyewe aliipenda kazi hiyo, na sababu ilijulikana. Binti huyu wa Kibukusu, aliyekuja kutoka Kenya kutafuta kibarua, alimpata mumewe kwenye kaunta ya zimamoto. Olanya, mtoto wa askari kutoka kaskazini, aliipokea bahasha yake, na badala ya kuitupa kabatini kama wafanyavyo wengi, akaisoma mbele yake mpaka mwisho. Wanawake wengine hupewa maua. Yeye aliulizwa mapipa ya thina chafu, ile ya kuyeyushia rangi inayoshika moto upesi, yanakaa wapi, akapenda.

Tangu hapo kila mwaka Olanya aliusoma mpango huo nyumbani kwao Naguru, chai ikipoa mezani, mpaka akaujua kwa moyo. Mapipa yako stoo ya chini, nyuma kabisa. Stoo ya juu, karibu na geti, ina makopo matupu. Moto ukizuka, wazima moto wasimame hapo.

Lakini Kawempe ni Kawempe. Mvua kubwa ikinyesha, maji huingia stoo ya chini, na wafanyakazi huyapandisha mapipa stoo ya juu mpaka pakauke. Ndivyo walivyofanya kila masika, na hakuna aliyewahi kuona ni jambo la kuandikwa, kama vile hakuna anayeandika kwamba mvua ikija nguo huanuliwa. Mazoea yana taabu. Hata Nabangala, mwenye mpango, alisimama getini na mwavuli akiyatazama mapipa yakipita, asikumbuke zimamoto. Jioni alimpikia mumewe, wakazungumza mengi, na hilo halikutajwa. Neno moja tu lingetosha!

Siku chache baadaye, stoo ya chini haijakauka, waya ulishika moto kwenye chumba cha kufungashia. Gari la zimamoto lilifika upesi, Olanya akiwa kiongozi. Stoo ya juu ililipuka naye yuko ukutani pake, mpira wa maji mkononi.

Msibani Naguru nyumba ilijaa. Nabangala alikaa mkekani kando ya mama mkwe wake, Abwola, aliyekuwa amemshika mkono tangu asubuhi. Ndipo akaingia Ogwang, mzima moto mwenzake Olanya, uso umefungwa bandeji. Maskini, alikuja kufariji.

"Mama, pole sana," alimwambia Abwola. "Afande hakuogopa. Mimi nilimuuliza, 'Afande, hapa iko salama?' Alicheka. Alisema, 'Simama hapa, usiogope. Bibi yangu ndiye aliandika.'"

Watu wakaguna kwa huruma. Abwola akaubana mkono wa mkwewe. "Unasikia, mwanangu? Alikuamini mpaka mwisho."

Nabangala angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemuuliza, na huenda hakuna ambaye angemuuliza kamwe. Lakini upole ule ulimchoma kuliko tusi.

"Mama, mapipa tulikuwa tumeyapandisha pale," alisema. "Nilijua. Sikumwambia."

Abwola akautoa mkono wake taratibu, akaanza kumlilia mwanawe upya, kama aliyeletewa habari sasa hivi.