Tulifyeka Nyasi za Profesa

Nilikuwa sokoni Kikima nikichagua parachichi simu iliponiletea habari kwamba profesa wa nyasi amefariki. Ndivyo alivyoitwa huku kwetu, na wachache kwa heshima, wengi kwa kumcheka. Alikuwa amestaafu chuoni na kurudi kwao karibu na Kasikeu, akaugua kwa muda mfupi, basi. Nilirudisha parachichi kwenye fungu nikasimama pale kama mtu aliyesahau alichofuata. Msomaji wangu, nimeandika tanzia hadi nimechoka, na hii sikuwa na hamu nayo. Naiandika kwa sababu ya nililoliona mazishini.

Kazi yake ilikuwa kurudisha nyasi za asili kwenye ardhi iliyobaki kipara. Ukambani, anayeng'oa nyasi ndiye mchapakazi. Anayezipanda huonekana ana walakini. Alilijua hilo na halikumuudhi. Mara ya kwanza nilimkuta porini nje ya Mutomo, mhariri aliponituma huko, na wanafunzi wake wote walikuwa wamepiga magoti. Lilikuwa sharti lake: hakuna kusema neno juu ya malisho kabla ya kupiga magoti na kutenganisha majani kwa vidole. "Ukisimama utaona ukame tu," aliwaambia. "Shuka chini uone nani bado yuko hai." Mara akapita mama mmoja akichunga mbuzi. Alitutazama, akatua mzigo wake wa kuni, akapiga magoti kando yetu na kuanza kuomba mvua kwa sauti kubwa. Hakuna aliyethubutu kumkatiza. Alipomaliza, profesa aliitikia amina, kisha akamwonyesha chipukizi walizokuwa wamepanda.

"Kwani nyasi nayo hupandwa?" mama akashangaa. "Si Mungu ndiye huotesha?"

"Huotesha, mama. Lakini hawa mbuzi wako hawampatii nafasi."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu, na mbuzi nao wakaendelea kula.

Wanafunzi wake leo wametapakaa kila mahali, wengi wao maofisini, suruali zao hazina vumbi la magotini. Hakuwalaumu, alisema ofisi nazo zinahitaji mtu anayejua nyasi ni nini. Mimi ndiye niliyekuwa nikilalamika kwa niaba yake. Nimeona miradi mingi ya malisho ikifunguliwa kwa hotuba na soda, kisha kibao cha mradi kinabaki peke yake kwenye ardhi tupu. Mmoja tu hakuwahi kuacha kumtembelea, binti wa huko Mutomo ambaye sasa ni mhadhiri. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba nyumbani kwa profesa, kando ya tangi la maji, kulikuwa na kishamba cha nyasi ambazo kwingineko zimetoweka. Mzee alizikusanya shina moja huku, jingine kule, kwa miaka. Mbegu zilikuwa zimekomaa, na alikuwa amekiahidi kikundi cha akina mama kwamba watazipanda mvua hizi. Akiwa kitandani alimsihi mkewe zisiguswe hadi zivunwe.

Siku ya mazishi tulifika tukakuta mahema yamesimama kando ya tangi. Mhadhiri alimwendea mwenyekiti wa kamati ya mazishi.

"Mzee, nyasi zilizokuwa hapa ziko wapi?"

"Tulifyeka," akajibu kwa fahari, macho yake mekundu kwa kulia. "Vijana walifanya kazi safi sana. Sasa tungezika profesa mzima kwa kichaka, na wageni wanatoka Nairobi?"

 Mjane, ambaye kwa msiba ule hakuwa ametoka chumbani tangu juzi hadi asubuhi hiyo, aliinamisha kichwa tu. Niliudhika, kisha nikashindwa hata kuudhika vizuri, maana yule mzee alikuwa amefyeka kwa upendo. Basi tukaketi. Hotuba zikafuatana, kila msemaji akiapa kwamba kazi ya marehemu haitapotea, na sote tulikuwa tumeikanyaga.

Baada ya kuzika, binti alipiga magoti kati ya viti na kuanza kupekua mabua yaliyopondeka. Wanawake wa kanisani walidhani amezidiwa na majonzi. Walimzunguka, wakapiga magoti, na mmoja akaanza kumwombea. Alimwacha amalize, akaitikia amina kama mwalimu wake, kisha akainua suke moja. "Sasa nisaidieni. Mkiona kama hii, msitupe." Mjane alifungua leso yake akaitandika chini. Nami nilishuka na suti yangu ya matanga. Hatimaye akaja mwenyekiti, akashuka taratibu akishikilia kiti, akaokota suke na kulisugua kiganjani.

"Ni hii?"

"Ndiyo hiyo, mzee."

Alikisogeza kiganja karibu na macho. "Kumbe ilikuwa na mbegu. Na sisi tulisema ni uchafu."

Leso haikujaa hata nusu. Akina mama watapanda pembe moja ya shamba badala ya shamba zima, na mvua zikikataa, hakuna mbegu nyingine. Mimi nimezichoka sifa za mazishini, zangu zikiwemo. Safari nyingine tukienda kwenye msiba, kabla ya kusimamisha hema, tumuulize mjane: marehemu alikuwa akingoja nini kikomae?